Mwaka Wifi Yangu Alipoacha Ngano

Deodata, mke wa kaka yangu Sostenes, hakuwahi kupenda kitu nusunusu. Alipojiunga na kwaya aliimba mpaka sauti ikamkauka, na alipofuga sungura tulikula sungura mpaka mama yetu, Niragira, akaomba kwa unyenyekevu arudishiwe maharage yake. Kwa hiyo aliposema ameacha ngano, tulipaswa kujua kwamba jambo hilo halitaishia jikoni.

Mimi ni Ildefonsa. Miaka ile nilikuwa nakaanga chapati kando ya barabara iendayo Benaco, kwa hiyo msinitegemee nisimulie habari za watu wasiokula ngano bila kinyongo kidogo.

Kabla ya wakimbizi, ngano kwetu ilikuwa chakula cha Noeli. Siku nyingine tulikula ndizi na maharage, ugali wa muhogo, mtama ukiwepo, na hakuna aliyeuliza utumbo wake unasemaje. Kisha mwaka tisini na nne watu wa nchi jirani, wakikimbia mauaji, wakavuka mpaka pale Rusumo kwa makundi yasiyo na mwisho, na Benaco, palipokuwa pori tu, pakawa mji mkubwa kuliko mji wowote ambao wengi wetu tulikuwa tumeuona. Malori yakaja na mahindi, mafuta na maharage, na mara nyingine unga wa ngano. Wakimbizi waliopewa ngano hawakuwa na kikaango wala kuni za kutosha, nao walikuwa na hamu ya ndizi kama tulizonazo sisi. Basi tukabadilishana. Wao wakala ndizi zetu, sisi tukala ngano yao, na kila upande ukaamini umewapata wajinga.

Hapo ndipo Deodata alipopata kazi ya upishi katika nyumba iliyopangwa na shirika moja la misaada, juu mjini Ngara, karibu na maofisi. Alikuwa akiondoka asubuhi na kanga, akirudi jioni na mkate uliobaki. Baada ya muda mfupi ugali wa muhogo ukawa, nyumbani kwake, chakula cha watu wa zamani. Mama alipompelekea kikapu cha muhogo uliokaushwa vizuri, mweupe, alishukuru kwa adabu zote kisha akawatwangia kuku. Mama alimwona. Kikapu cha pili hakikwenda.

Deodata alikula mkate asubuhi, akala mkate mchana, na jioni akapitia kwangu kuchukua chapati kwa bei ya ndugu. Tumbo likaanza kumjaa gesi. Baada ya chakula alilala chali kwenye mkeka akiguna, lakini hakulalamika sana, kwa sababu tumbo lilikuwa ushahidi kwamba mtu ana kazi nzuri.

Kisha akaja Joan.

Joan alikuwa mtaalamu wa lishe kutoka Ulaya, mama wa zaidi ya miaka hamsini, kazi yake kuwapima watoto kule kambini. Alikuwa mwembamba na hachoki. Alipanda kile kilima cha Ngara kwa miguu huku wenzake wakipandishwa na magari, na akifika juu bado alikuwa na pumzi ya kusalimia watu. Siku ya kwanza alimwambia Deodata kwamba yeye hali mkate, hali chapati, hali tambi, hali chochote chenye ngano. Deodata akaitikia, akamchemshia ndizi, akadhani ni mambo ya wageni tu, kama wale wasiokula nyama kwa kumhurumia ng'ombe.

Siku moja walikuja wakubwa wa shirika, na Deodata akitaka mchuzi uwe mzito wa kuheshimika, akatia kijiko cha unga wa ngano kama alivyozoea. Jioni hiyohiyo Joan alianguka kitandani. Alitapika na kuharisha mpaka akatundikiwa dripu, na Deodata alikaa mlangoni kwake akilia, akijiona muuaji. Joan alipopata nafuu alimwita, akamweleza taratibu kwa Kiswahili chake cha kitabuni: ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni, ndicho kinachofanya unga ukikandwa uvutike kama gundi, na utumbo wake yeye haukivumilii hata chembe. Madaktari walimpima wakaliona tatizo. Akamwambia pia kwamba kasoro iko kwenye utumbo wake, haiko kwenye ngano, na kwamba yeye angekuwa na tumbo la Deodata, angekula chapati za Ildefonsa kila siku ya Mungu.

Nalitaja hilo kwa sababu Deodata mwenyewe alinisimulia, neno kwa neno, kisha akaliacha palepale. Alishika nusu ya kwanza. Hiyo ya pili aliiona kuwa unyenyekevu wa watu walioendelea, ambao siku zote huwaficha wenzao siri ya afya yao. Alikwisha kupiga hesabu: Joan hali ngano, Joan ana miaka hamsini na kitu, Joan anapanda mlima kama mbuzi. Yeye Deodata anakula ngano, ana thelathini na tano, na amelala chali kwenye mkeka.

Akaacha ngano siku hiyo, na kwa kuwa ni Deodata, haikutosha kuacha peke yake. Katika mkutano wa akina mama wa kigango, baada ya rozari, alisimama akatufundisha kuhusu gundi. Alisema gundi hiyo hunatisha utumbo, ndiyo huleta gesi, maumivu ya mgongo na uvivu wa asubuhi, na kwa maoni yake hata ukali wa waume. Akina mama waliolima mpaka jua linazama waliposikia kwamba mgongo wao unaumwa kwa sababu ya chapati walifurahi sana, maana chapati inaachika na jembe haliachiki. Wiki ile nilirudi nyumbani na beseni la chapati likiwa karibu limejaa.

Basi wakarudi kwenye ndizi, muhogo na mtama. Yaani walirudi kula kile ambacho Mama hakuwahi kuacha kula hata siku moja, ila sasa kilikuwa na jina. Deodata alikula ugali wa muhogo kwa uma, akauita mlo usio na gluteni. Alimweleza mama mkwe wake kwamba yeye, Niragira, amekuwa kwenye mlo huo maisha yake yote bila kujua. Mama akauliza kama ni hivyo, mbona magoti yake hayapandi mlima kama ya yule mzungu.

Sitasema uongo: gesi iliisha. Lakini mtu aliyekuwa akimaliza nusu ya mkate peke yake, akiuacha mkate lazima tumbo lipumzike. Angeacha nusu ya sungura angepata nafuu hiyohiyo. Kilichoniudhi ni kingine. Nilikuwa napeleka chapati mpaka lango la kambi, na nilimwona Joan mwenyewe kazini, amechuchumaa vumbini, anazungushia utepe mikono ya watoto. Kulikuwa na mikono iliyoweza kupita kwenye bangili ya mtoto mchanga. Mama zao walikuwa wanapanga foleni tangu asubuhi kwa unga wowote, wa rangi yoyote, wenye gundi ama usio na gundi. Kisha narudi kijijini nakuta akina mama wazima wamekaa kivulini wanaulizana kama kitumbua cha mchele kinaruhusiwa. Nilikasirika, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Lakini hasira yangu ilikuwa ya biashara na ya moyo. Tatizo lenyewe lilitoka mahali ambapo sikupategemea, yaani kanisani.

Kigango chetu kilipata padri mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine katekista alitusalisha, lakini Jumapili ya padri ndiyo ya Misa na komunyo, na kijiji kizima kilikuja kimefua nguo. Jumapili hiyo akina mama wa upande wetu walipoinuka kwenda kupokea, Deodata alibaki amekaa. Nilimgusa bega nikidhani amesinzia. Akatikisa kichwa. Nikapita mbele yake, na waliokuwa nyuma yangu wakapita mbele yake, mmoja mmoja, kila mmoja akiinamisha macho kumtazama vizuri.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza. Akanong'ona kwamba hostia ni ngano. Nikamwambia tulifundishwa kwamba baada ya maneno ya padri si mkate tena. Akasema hilo analiamini kabisa, ila Joan alisema hata chembe. Alikuwa amevutana na jambo hilo usiku kucha, akaona Mungu ni mwepesi wa kusamehe kuliko utumbo.

Wengine hawakumuuliza. Kwetu hapakuwa na haja ya kuuliza. Mke wa ndoa, mwimbaji wa kwaya, akibaki kwenye benchi Jumapili ya padri, maana yake ni moja: kuna dhambi ambayo hajaiungama au hana nia ya kuiacha. Kilichobaki ni kumtafutia mwenzake, na hicho hakikuchukua muda. Shirika lilikuwa na dereva aitwaye Mayunga, Msukuma mrefu, mcheshi, ambaye siku za mvua alimshusha Deodata karibu na njia panda kwa gari jeupe lenye antena. Kufikia Jumanne hata mimi niliulizwa na mteja, huku anatafuna chapati yangu, kama ni kweli wifi yangu anahamia Mwanza.

Sostenes ni fundi seremala, mtu wa maneno machache. Hakumpiga mkewe, hakumuuliza, hakugomba. Jumatano jioni alitoka karakana akapita mlango wa nyumba yake, akaja moja kwa moja kwa Mama, akakaa, akaomba chakula. Alhamisi akafanya vilevile.

Mtu wa mbali anaweza kuona hilo ni dogo, mtoto kula kwa mama yake. Kwetu mume akiacha kula chakula cha mkewe amekwisha kusema kila kitu. Hatua inayofuata ni wazee wa pande mbili kukutana, na baada ya hapo mwanamke hufunga nguo zake. Deodata aliendelea kupika. Kila jioni alipakua, akafunika, akasubiri, na asubuhi niliona kuku wakila ugali wa muhogo usio na gluteni. Ndipo alipopungua kweli. Kwa siku chache akawa mwembamba kuliko Joan, na hakuna aliyemuuliza siri yake.

Alikuja kwangu akilia kwa sauti ya chini, watoto wasisikie. Nilimshauri Jumapili ya padri ijayo aende akapokee, mambo yaishe. Alikuwa amelifikiria hilo zaidi yangu. Akienda kupokea, alisema, watajua ameungama, na wakijua ameungama watajua lilikuwepo la kuungama. Akikaa, bado analo. Nilitafuta njia ya tatu sikuiona. Nikamuuliza kwa nini hamwambii mumewe ukweli. Akasema anaona aibu, na hapo sikumwelewa, kwa sababu nilidhani ukweli ni ngano.

Mama ndiye aliyechoka. Jumamosi ya wiki ya pili, mchana, aliwaita wote wawili uani kwake, akanibakiza mimi niwe shahidi, akawekea kila mtu kigoda. Akamwambia Sostenes aulize, maana mwanamume hawezi kula kwa mama yake mpaka azeeke.

Sostenes alimtazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile. Akamuuliza kwa nini hakupokea.

"Ngano," Deodata akasema.

Niliona kaka yangu anajaribu, kwa juhudi zake zote, kuliamini.

"Mama Jovitha," akasema, "ungeniambia Mayunga ningeumia, lakini ningeelewa. Unaniambia ngano?"

Deodata akaanza kueleza habari za gluteni, gundi, utumbo, dripu ya Joan. Kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana hadithi ya mtu aliyekosa hadithi nzuri zaidi. Mama akamkatisha. Akaniagiza nilete chapati. Akasema jambo ni jepesi: kama ngano inamdhuru huyu, ale, tutaona wenyewe, na kama atalazwa basi tutamwomba radhi hukohuko hospitali.

Chapati nilikuwa nazo za kutosha, kwa hisani yake mwenyewe. Nikaleta sahani. Deodata akafanya ishara ya msalaba, akala ya kwanza haraka, kama anayemeza kwinini. Tukangoja. Mama akavuta ungo akaanza kupukuchua maharage. Sostenes alitazama chini. Deodata aliweka kiganja tumboni akasubiri limsokote, livimbe, lifanye chochote. Sijawahi kuona mtu anauomba ugonjwa kwa bidii namna ile. Midomo yake ilikuwa inacheza, na nadhani alikuwa kwenye rozari.

Tumbo likanyamaza. Lilikuwa tumbo la Kihangaza, la watu wa kwetu Ngara, lililolelewa kwa muhogo na njaa ya msimu, na chapati moja haikulisumbua. Akala ya pili, kubwa zaidi. Rangi ikamrudi usoni. Akala ya tatu, na hiyo, naapa, hakuila kwa ushahidi. Aliila kwa sababu alikuwa ameikosa kwa wiki kadhaa, na nilipomwona anafuta mafuta kwa kipande cha mwisho nilijua amekwisha. Mzima wa afya kabisa, na afya hiyo ndiyo iliyomhukumu.

Sostenes akainuka, akavaa kofia yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayekwenda kuwatafuta wazee.

"Baba Jovitha, kaa," Deodata akasema. "Siumwi. Sijawahi kuumwa."

"Basi ulikaa kwenye benchi kwa nini?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Deodata na bado alikuwa na mafuta ya chapati mdomoni, na mimi, niliyekuwa na kinyongo naye, nilitamani nimfute.

"Nilitaka na mimi niwe na kitu ambacho siwezi kula," akasema. "Tangu nizaliwe ninakula kilichopo. Pale kazini kila mtu ana chakula chake anachokikataa, huyu maziwa, huyu nyama, na wanamheshimu, wanampikia peke yake. Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilipokuja kukumbuka hostia, nilikuwa nimekwisha kuwatangazia watu wote. Ningepokea wangenicheka."

Mama akaacha kupukuchua. Nilimtazama kaka yangu nikaona kitu kinamlegea usoni. Mtu anaweza kutunga uongo kuhusu gluteni, akatunga na dripu, lakini aibu kama ile haitungwi. Na alimjua mkewe. Alikuwa ameoa mtoto wa saba katika nyumba ambamo waliokuja mwisho walikuta sufuria imekwisha kukwanguliwa.

Hakusema anamwamini. Alivua kofia, akakaa, akanyoosha mkono kwenye sahani ya mkewe, akachukua chapati ya mwisho. Akaikata vipande viwili, kimoja akampa, kingine akala yeye, taratibu, mpaka kikaisha. Mama akatuambia tuondoke tumwache apumzike, kana kwamba sisi ndio tuliojiita pale.

Kwa hiyo kwa kijiji chetu, ngano iliruhusiwa tena. Biashara yangu ikarudi, migongo ya akina mama ikaendelea kuuma kama zamani, na Joan, aliposikia kisa chote, alishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akala ndizi zake, kwa sababu yeye hakuwa na la kuchagua. Nilimwonea huruma. Tangu siku ile nimekuwa nikiwachekea wanaoacha vyakula kwa kufuata mkumbo, lakini simcheki mgonjwa.

Ila kijiji hakikuwepo uani kwa Mama. Kijiji kilikuwa kinangoja Jumapili ya padri, na siku hiyo kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Wanaume walikaa upande wao wa kulia, sisi upande wetu wa kushoto, na ulipofika wakati wa komunyo nilihisi shingo zote zinageuka. Deodata alikuwa amekaa pembeni yangu. Alijua watakachosema akiinuka na alijua watakachosema asipoinuka.

Akainuka. Akatoka kwenye benchi akasimama kwenye mstari wa wanawake, na minong'ono ikaanza palepale, sikuhitaji kutega sikio kuisikia: ameungama, ameungama, si niliwaambia. Ndipo nikaona watu wa upande wa kulia wanasogezana kupisha mtu. Sostenes, ambaye miaka yote alipokea na wazee wenzake upande wa wanaume, alivuka kanisa katikati, mbele ya macho ya kila mtu, akaja akasimama kwenye mstari wetu nyuma ya mkewe, mwanamume peke yake kati ya kanga. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba kumbe wote wawili walikuwa na dhambi.

Walisogea pamoja. Padri alisita kidogo alipomwona Sostenes amesimama upande usio wake, kisha akainua hostia mbele ya Deodata na kusema maneno yake. Wifi yangu alifungua kinywa ajibu, sauti ikakataa kutoka. Kaka yangu, mtu wa maneno machache, akaitika Amina kwa niaba yake, kwa sauti iliyofika mpaka madirishani.